Kifundo cha Mguu Hupimwaje?

Mtazame mtu anayeshuka mlima huku kwetu Tumati na mzigo wa kuni. Goti linakwenda mbele, kisigino kinabaki chini. Kinachokunjika hapo ni kifundo cha mguu. Ukichuchumaa kukamua ng'ombe ni hicho hicho. Chooni pia.

Tuseme mkulima ameteleza wakati wa masika, akavunjika kifundo. Alifungwa plasta ngumu wiki sita. Sasa imetolewa, mfupa umeunga. Lakini akichuchumaa, kisigino kinanyanyuka naye anaanguka chali. Wenzake wanamwambia, "Zoea tu, utapona." Je, ni kweli? Kwa macho hatuwezi kujua. Lazima kupima.

Hospitalini kuna kipimo chenye mikono miwili, kama vijiti viwili vilivyoshikwa na msumari, kimechorwa digrii. Mtaalamu huweka ule msumari penye mfupa uliotokeza upande wa nje wa kifundo. Mkono mmoja huelekea gotini, wa pili hufuata ukingo wa unyayo. Kisha huusukuma wayo juu. Kwa mtu mzima mwenye afya hupanda kama digrii 20, na kushuka kama 50.

Hupima goti likiwa limenyooka, halafu likiwa limekunjwa. Kwa nini mara mbili? Msuli mkubwa wa kigimbi huanzia juu ya goti. Goti likikunjwa, msuli huo hulegea. Basi wayo ukipanda vizuri hapo tu, msuli ndio uliokaza. Ukikataa mara zote mbili, huenda kiungo chenyewe ndicho kilichokakamaa.

Njia nyingine yahitaji rula tu. Vua viatu, simama mbele ya ukuta. Kunja goti liguse ukuta, kisigino kisinyanyuke. Mwenzako ajaribu kupitisha karatasi chini ya kisigino. Ikipita, umejidanganya, anza tena! Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo, mpaka mahali pa mwisho ambapo goti bado linagusa. Pima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Watu wazima wengi hufikia sentimita 10 hivi, lakini watu hatulingani. Kwa hiyo linganisha na mguu wako mzima. Ukipata 11 kwa mguu mzima na 5 kwa ule ulioumia, tofauti ni sentimita 6. Kila sentimita ni karibu digrii tatu na nusu, hivyo zimepungua kama digrii 20. Hilo si la kuzoea.

Mguu ukiwa bado umevimba, au mganga hajaruhusu kuukanyagia, usijaribu.

Andika katika daftari tarehe, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Rudia kila wiki, saa ile ile. Namba ikipanda, mazoezi yanafanya kazi. Ikikaa pale pale wiki tatu au nne, nenda hospitali, kama ile ya Haydom iliyofunguliwa mwaka 1955, na daftari lako mkononi.