Je, Wajua? Serikali Ikifungwa, Mshahara wa Mbunge Haufungwi

Je, wajua kwamba serikali ya Marekani ilipofungwa kwa siku 35, kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019, watumishi wapatao 800,000 walikaa bila mishahara huku wabunge wakiendelea kulipwa?

Siri iko kwenye katiba. Kwa mujibu wa Marekebisho ya 27, sheria ya kubadili malipo ya wabunge haianzi kutumika mpaka uchaguzi mwingine upite. Yalipendekezwa mwaka 1789, yakaridhiwa 1992!

Mwaka 2013 wabunge walipata upenyo. Walipitisha sheria kwamba baraza la Bunge litakaloshindwa kupitisha bajeti kufikia Aprili 15, mishahara ya wajumbe wake iwekwe kando kwa muda, si kufutwa. Mabaraza yote mawili yaliwahi.

California ilikaza kamba zaidi. Mwaka 2010 wapiga kura waliamua kuwa Juni 15 ikipita bila bajeti kupitishwa, wabunge wa jimbo wapoteze malipo ya kila siku ya kuchelewa. Juni 2011 mdhibiti wa fedha wa jimbo, John Chiang, aliona bajeti yao haina uwiano wa mapato na matumizi, akazuia mishahara. Baadaye mahakama ilisema hakuwa na mamlaka ya kuamua hilo.