Safari ya miji sita Ulaya huanza kwa kuhesabu usiku

MKAZI wa Gongoni kualikwa Italia na rafiki au jamaa si kioja tena katika pwani ya kaskazini. Uhusiano huo una umri wa zaidi ya nusu karne. Katika ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, wataalamu wa Kiitaliano walisimamisha majukwaa ya San Marco katika miaka ya 1960, na mnamo Aprili 26, 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikarushwa kutoka hapo. Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, ilifuata setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Watalii na wenye majumba ya kifahari walikuja baadaye, ndoa zikafungwa, watoto wakazaliwa, na leo si ajabu kumsikia mwenye duka mjini Malindi akitaja bei kwa Kiitaliano fasaha.

Hata hivyo, mwalikwa wa siku hizi mara nyingi haridhiki kuona Roma pekee. Nauli ya ndege ni ghali, likizo ni moja kwa mwaka, na akitazama ramani huona kwamba Austria, Slovenia na Ujerumani ziko jirani. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Hupanga safari jinsi ambavyo angepanga kwenda Lamu: tiketi kwanza, mahali pa kulala baadaye, karatasi mwisho. Kwa Ulaya mpango huo hauna budi kupinduliwa, kwa sababu mpangilio wa miji ndio unaoamua ni ubalozi gani unaopaswa kupokea ombi la viza.

Mataifa 29 ya bara hilo yamo katika eneo la Schengen, na viza moja ya muda mfupi humwezesha mgeni kuyazuru yote. Uswisi imo ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo. Kanuni inasema ombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari, ama kwa sababu ya shughuli yenyewe ama kwa sababu mgeni atakaa huko siku nyingi zaidi. Ikiwa siku zinalingana, basi ni nchi atakayoingia kwanza.

Chukua mfano wa safari ya usiku 17: Munich usiku tatu, Salzburg mbili, Vienna tatu, Ljubljana mbili, Venice tatu na Roma nne. Ujerumani imepata usiku tatu, Austria tano, Slovenia mbili na Italia saba. Ombi ni la Italia, hata kama ndege itatua Munich. Lakini msafiri akishawishika kuongeza usiku tatu Vienna, Austria inafikisha nane na ombi linahama. Akilipeleka palepale pa mwanzo huenda likarudishwa bila kuchunguzwa, na wiki kadhaa za thamani zikawa zimepotea.

Balozi za Italia, Austria na Ujerumani zote ziko Nairobi. Mwombaji hufika mwenyewe kutoa alama za vidole, ambazo zinaweza kutumiwa tena ndani ya miezi 59, kwa hivyo aliyezitoa miaka michache iliyopita huenda asitakiwe kuzitoa tena. Kwa mtu wa Gongoni hiyo ni safari kamili kabla ya safari: matatu hadi Malindi, kisha usiku mzima ndani ya basi, nauli na malazi juu yake. Ombi hukubaliwa kuanzia miezi sita kabla ya kuondoka na lisichelewe kupita siku 15. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, ingawa unaweza kusogezwa hadi siku 45. Anayetaka kuondoka mapema Oktoba atafanya vyema kutafuta miadi yake kufikia Mei au Juni, kwani katikati ya mwaka foleni hurefuka kwa ajili ya wanaokimbilia likizo ya kiangazi cha huko.

Ada ya viza ilipanda hadi euro 90 kwa mtu mzima mnamo Juni 2024, na euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi asiyefika 12. Ombi likichunguzwa na kukataliwa, ada hairudishwi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibakishe angalau miezi mitatu ya uhai baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe ya kiwango kisichopungua euro 30,000 na ikubalike katika nchi zote za Schengen, si ile ya kwanza pekee.

Hayo ni mepesi. Zito ni swali ambalo afisa wa viza hujiuliza kabla ya yote: Je, mtu huyu atarudi nyumbani? Jibu hutakiwa kwa maandishi, na Gongoni maandishi ni adimu. Aliyeajiriwa katika kampuni ya chumvi au hoteli anaweza kuleta barua ya mwajiri inayotaja tarehe ya likizo na tarehe ya kurejea kazini. Mvuvi, mwenye duka au mama anayeuza samaki sokoni hana barua ya aina hiyo. Hatimiliki ya shamba, ambayo kwa mwombaji wa sehemu nyingine ingekuwa ushahidi mzuri, wakazi wengi wa Magarini hawanayo. Ardhi imekuwa kidonda huko kwa miongo mingi, na mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilichapisha ripoti ya uchunguzi wake kuhusu viwanda vya chumvi na malalamiko ya wenyeji waliosema wamepokonywa mashamba. Familia inaweza kuwa imezika mababu watatu katika shamba moja na bado isiwe na karatasi ya kumwonyesha afisa wa ubalozi.

Asiye na hatimiliki asikate tamaa, bali akusanye kingine: leseni ya biashara kutoka kaunti, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua za shule zao, na taarifa ya akaunti ya benki ya miezi kadhaa. Taarifa hiyo ndiyo huwaangusha wengi. Biashara ya Gongoni hupita kwenye M-Pesa, akaunti ya benki hulala, kisha wiki mbili kabla ya miadi hutiwa kitita kilichokopwa kwa jamaa. Afisa anayesoma taarifa kama hizo kila siku hugundua mara moja. Afadhali mtu aanze kupitisha mapato yake benki miezi sita mapema, hata yakiwa madogo, kwani kidogo kinachoeleweka kina uzito kuliko kingi kisicho na asili. Mwenyeji wa Italia anayegharimia safari aandike barua ya mwaliko, aambatishe nakala ya kitambulisho chake, na aeleze waziwazi ni siku zipi mgeni atakuwa kwake na zipi atakuwa katika nchi nyingine.

Kuna pia mawakala wanaodai kwamba wana “mtu ndani”. Hakuna sababu ya kuwalipa. Karatasi ya kughushi ikigunduliwa humharibia jina mwombaji katika nchi zote 29, maana mtambo wa viza ni mmoja. Aliyekataliwa hupewa fomu yenye sababu, na ana haki ya kukata rufaa kwa utaratibu wa nchi iliyomkataa.

Kwa sababu hiyo, tiketi ya ndege haifai kulipiwa kabla ya viza kupatikana. Kinachotakiwa wakati wa ombi ni nafasi iliyohifadhiwa, na hoteli zinazokubali kughairiwa bila malipo ni nyingi. Ni kweli kwamba treni za kasi za Ulaya huwa rahisi kwa anayenunua mapema, na msafiri atapoteza sehemu ya punguzo kwa kungoja. Hasara hiyo ni ndogo kuliko kulipia treni tano na kubaki Gongoni.

Majira nayo yanataka kuelezwa. Kamusi nyingi hutafsiri msimu wa Septemba hadi Desemba wa Ulaya kuwa vuli, na msomaji wa Pwani hufikiria mvua fupi na upepo wa matlai. Vuli ya huko ni majira ya majani kupukutika: huanza Septemba 22 au 23, na kila wiki inayopita huondoa joto na dakika nyingi za mwanga. Gongoni jua hutua saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima. Vienna, mapema Novemba, hutua yapata saa kumi na nusu jioni. Mgeni aliyepanga kutembea mjini baada ya chakula cha mchana hujikuta gizani.

Ndiyo maana mfano uliotajwa unaanzia kaskazini na kuishia kusini, ingawa wengi wangependa kuanzia kwa mwenyeji wao Roma. Anayetembea kuelekea kusini huwa analifuata jua. Tahadhari ni moja: Munich hufanya tamasha la Oktoberfest kuanzia katikati ya Septemba, na kwa kawaida humalizika Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Kabla ya hapo bei ya chumba hupaa. Msafiri akifika siku mbili tatu baada ya tamasha, atakuta mji umetulia na atawasili Roma kabla ya mwisho wa Oktoba, wakati koti bado ni la jioni tu. Kwa mzazi mwenye mtahiniwa wa kidato cha nne, bila shaka, miezi hiyo haifai kabisa.

Tiketi ya ndege inunuliwe ya kuingilia Munich na kutokea Roma, ili asilipe nauli ya kurudi alikotoka. Kati ya miji hiyo safari ni fupi: Munich hadi Salzburg ni kama saa mbili kwa treni, Salzburg hadi Vienna saa mbili na nusu, Vienna hadi Ljubljana yapata sita kati ya milima, Ljubljana hadi Venice karibu nne kwa basi, na Venice hadi Roma takriban nne kwa treni ya kasi. Saa huandikwa kwa mtindo wa 24, hivyo treni ya 13:35 ni ya saa saba na dakika 35 mchana. Makosa ya saa sita yamewahi kumwacha mtu stesheni. Tiketi ya karatasi ya treni za kawaida za mikoani nchini Italia sharti ipigwe mhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini.

Mipaka yenyewe haionekani, lakini haijafutika. Ujerumani ilirejesha ukaguzi kwenye mpaka wa Austria mwaka 2015 na kuupanua hadi mipaka yake yote ya nchi kavu mnamo Septemba 2024. Italia nayo ilirejesha ukaguzi kwenye mpaka wa Slovenia mnamo Oktoba 2023. Pasipoti ikae mfukoni, si ndani ya begi lililo chini ya basi. Pamoja nayo iwepo ratiba iliyochapishwa, kwa kuwa afisa wa Munich ana haki ya kumuuliza mwenye viza ya Italia kwa nini ameingilia Ujerumani. Aliyehesabu usiku wake vizuri ana jibu mkononi.

Venice inamhusu mtu wa Ngomeni kwa namna ya pekee, kwa sababu tatizo la mji huo ni maji ya bamvua. Kuanzia Oktoba, bamvua likikutana na upepo mkali wa kusini, bahari hupanda hadi uwanja wa San Marco, wenye jina sawa na majukwaa ya Ungwana. Novemba 12, 2019 maji yalifika sentimita 187. Tangu Oktoba 3, 2020 mji umekuwa na malango makubwa ya chuma, MOSE, yanayoinuliwa kutoka chini ya maji kuizuia bahari. Viatu visivyopitisha maji bado ni busara.

Viza ya muda mfupi hairuhusu zaidi ya siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, na mara nyingi siku zilizoandikwa humo ni chache zaidi. Zamani mtu aliweza kutegemea mhuri uliofifia. Oktoba 12, 2025 Ulaya ilianza, kwa awamu, kuandikisha wageni kwa picha na alama za vidole kila waingiapo na watokapo, na mashine huhesabu siku yenyewe. Vilevile, iwapo viza ni ya kuingia mara moja, asithubutu kukatisha safari kwenda London kumsalimia binamu. Akitoka Schengen viza imekwisha, hata kama imebakiza siku 10, na chumba alicholipia Roma atakilalia mwingine.