RUF CTR ya 1987: Ukarabati au Uundaji?

Mtu anayeliona gari la RUF CTR kwa mara ya kwanza hudhani ameona Porsche 911. Umbo ni lile lile: taa za mviringo, mgongo ulioteremka, injini iliyowekwa nyuma kabisa. Hata hivyo, kwa mujibu wa sheria za Ujerumani, gari hilo si Porsche. Makala haya yanaeleza jinsi lilivyoundwa, na kwa nini tofauti hiyo si ya jina tu.

RUF ni kampuni ndogo iliyoko Pfaffenhausen, katika jimbo la Bavaria. Ilianza mwaka wa 1939 kama gereji ya kawaida ya Alois Ruf. Mnamo 1963, mzee huyo alikuwa akiendesha basi Porsche 356 ilipompita kisha ikapinduka. Aliinunua ikiwa imebondeka, akaifufua, na tangu hapo ukoo wake ukanaswa na magari ya Porsche. Mwanawe, naye akiitwa Alois, alirithi gereji hiyo mwaka wa 1974.

Mwaka wa 1981 serikali ya Ujerumani iliitambua RUF kuwa mtengenezaji kamili wa magari. Ifahamike kwamba fundi akibadilisha injini ya gari la mteja, gari hilo hubaki na nambari ya chesisi ya kiwanda kilicholizaa. RUF ilifanya jambo jingine. Ilichukua kutoka Porsche bodi tupu isiyopigwa nambari, ikaunda gari juu yake, kisha ikalipiga nambari yake yenyewe. Nambari ya Porsche huanza kwa WP0. Ya RUF huanza kwa W09. Wanafasihi watautambua hapa mjadala wao wa siku nyingi: tamthilia iliyojengwa upya juu ya kisa cha mwingine ni ya nani? Bahati mbaya, fasihi haina ofisi ya kupiga nambari.

Je, CTR ilistahili nambari hiyo? Jibu limo katika maamuzi ya waundaji wake. Badala ya bodi pana ya 911 Turbo, walichagua ile nyembamba ya Carrera, kwa kuwa bodi pana husukumana na upepo zaidi. Mifereji ya mvua iliyo juu ya milango ilikatwa. Milango na boneti vikatengenezwa kwa alumini, hata uzito wa gari ukawa takriban kilo 1,150 tu.

Kiini cha yote, lakini, ni injini ya lita 3.4 yenye silinda sita na tabo mbili. Injini yoyote ya petroli huchoma mafuta pamoja na hewa. Hewa ikiongezeka ndani ya silinda, mafuta mengi zaidi huweza kuchomwa. Katika tabo, moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili na jingine, ambalo huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Nguvu ambayo ingepotea na moshi hurudishwa kazini. Kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa hupata joto, hupitishwa kwanza kwenye vipoza hewa. Kwa njia hii CTR ilifikisha nguvu za farasi 469, ilhali 911 Turbo ya wakati huo ilikuwa na takriban 300.

Nguvu hizo hazikuja bila hatari. Tabo husubiri moshi. Dereva akikanyaga mafuta, kwanza haoni kitu. Kisha nguvu zote humjia kwa mkupuo, pengine akiwa katikati ya kona, na uzito wa injini ukiwa nyuma yake tayari kulizungusha gari. CTR haikuwa na kifaa chochote cha kielektroniki cha kumwokoa. Filamu ya mwishoni mwa miaka ya 1980 inamwonyesha Stefan Roser akiliendesha kwenye barabara ya mashindano ya Nürburgring, bila kofia ya kinga, huku magurudumu ya nyuma yakiserereka kona baada ya kona. Ni ustadi wa kutisha.

Mnamo 1987 jarida la Marekani, Road & Track, liliyakusanya magari ya kasi huko Ehra-Lessien, Ujerumani. Ferrari na Lamborghini zilikuwepo, na Porsche yenyewe iliwakilishwa na 959. CTR ya rangi ya manjano ilifikia kilomita 339 kwa saa na kuyapita yote. Hapo ndipo ilipobandikwa jina la Yellowbird, yaani ndege wa manjano. RUF iliunda 29 pekee zenye nambari yake. Nyingine ziligeuzwa kutokana na magari ya wateja.

Nambari ile ya chesisi ilizaa tunda lisilotarajiwa. Kwa miaka mingi, hadi 2016, haki ya kutumia jina la Porsche katika michezo ya kompyuta ilishikwa na kampuni ya Electronic Arts. Mchezo wa Gran Turismo, kwa hivyo, uliweka magari ya RUF, na vijana wengi wakalijua jina hilo wakiwa sebuleni.

Mwaka wa 2017, huko Geneva, RUF ilionyesha CTR mpya. Safari hii haikuomba bodi kwa yeyote: kiunzi chake cha nyuzi za kaboni kilibuniwa na RUF yenyewe. Sura waliyolipa ni ile ile ya 1987, na rangi ikawa ya manjano.