Shamba la Marehemu: Kabla ya Kununua au Kuuza Makao Kitui na Makueni



Mwezi uliopita alitujia mama mmoja wa Kisauni, mjane, akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na mapatano ya mauziano yaliyopigwa chapa vizuri na kutiwa saini mbele ya mashahidi wawili, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na nakala ya hati ya shamba lililo karibu na Kibwezi. Alikwisha kulipa nusu ya bei kutokana na fungu lake la mirathi ya mumewe. Nia yake ni kujenga nyumba ndogo ya kukaa yeye na binti yake, mahali ambapo treni ya Mombasa husimama na ardhi haiuzwi kwa bei ya Nyali. Swali lake lilikuwa jepesi: nusu iliyobaki ailipe sasa, au angoje hati mpya?

Tuliisoma ile nakala ya hati mara mbili. Jina lililoandikwa juu yake halikuwa la muuzaji. Lilikuwa la baba yake muuzaji, na mama akatwambia, bila ya kuona ajabu yoyote, kwamba mzee huyo alifariki zamani na kaburi lake liko pale pale shambani, chini ya mwembe.

Hapakuwa na tapeli katika kisa hiki, na ndiyo sababu tumeona tukieleze kwa urefu. Shamba ni la kweli, hati ni ya kweli, na muuzaji ni mtoto wa halali wa marehemu. Kilichokosekana ni kimoja tu: muuzaji hakuwa na haki ya kuuza.

Wenzetu wengi wa pwani sasa wanaelekea huko bara. Watu wa Mombasa na Wakamba wamejuana tangu enzi za misafara ya pembe, lakini tulizoea wao kuteremka kwetu. Tangu reli mpya ifunguliwe tarehe 31 Mei 2017, na treni ya kaunti kuanza kusimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali, na tangu kutiwa lami barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi mji wa Kitui, ploti zinatangazwa kila kona. Upande wa juu wa Makueni kuna mji wa teknolojia wa Konza, uliotengewa ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili, na kila dalali ana kiwanja ambacho, kwa maneno yake, kiko dakika kumi kutoka Konza. Dakika kumi za dalali tunazijua sote.

Shida ya kwanza tunaibeba wenyewe kutoka nyumbani. Katika Majengo ya Mombasa, Malindi na kwingineko pwani, tumerithi desturi ya nyumba bila ardhi: mtu humiliki kuta na paa, na kiwanja akakilipia kodi kwa mwenye ardhi. Nyumba kama hiyo huuzwa kwa waraka na ushahidi wa wazee wa mtaa, na watu wakaridhiana. Ukenda Kitui au Makueni na mazoea hayo utajuta. Huko kinachonunuliwa ni ardhi, na nyumba huifuata ardhi. Waraka wa mauziano, hata ukiwa na mashahidi ishirini, haumhamishii mtu umiliki. Ni ahadi tu ya kwamba umiliki utahamishwa. Sheria inataka ahadi hiyo iandikwe, itiwe saini na ishuhudiwe, na sisi tulioamrishwa katika aya ya deni ya Suratul Baqara kuandika na kushuhudisha tusingengoja sheria itukumbushe. Hata hivyo ahadi ya mtu asiye na mali mkononi haikupi kitu.

Basi turudi kwa marehemu. Sehemu kubwa ya mashamba ya Ukambani yenye hati bado yamo katika majina ya wazee waliokwisha kufariki. Watoto wamegawana kwa mdomo, kila mmoja amepanda mkonge wa mpaka na kujenga nyumba yake, na hakuna aliyefika mahakamani. Kwa mujibu wa Sheria ya Mirathi, ardhi ya marehemu haiwezi kuuzwa kabla mahakama haijateua msimamizi wa mirathi na kisha kuuthibitisha uteuzi huo pamoja na mgao wa kila mrithi. Baina ya kuteuliwa na kuthibitishwa hupita kwa kawaida miezi sita au zaidi. Anayeshika mali ya marehemu na kuiuza kabla ya hapo ameingilia mali isiyo yake, na hilo ni kosa la jinai.

Mwenzetu mmoja aliuliza kama hukumu ya kadhi haitoshi. Hutosha pale marehemu alipokuwa Mwislamu na warithi wakaenda kwa kadhi. Sheria inayofuatwa ni ya yule aliyekufa. Dini ya mnunuzi haiingii hapo. Wauzaji wengi wa Kitui na Makueni ni Wakristo, na kwao mtoto wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa, ana haki ya kurithi sawa na ndugu yake wa kiume. Ndugu wa kiume husahau jambo hili kwa urahisi wa ajabu. Mjane naye, ikiwa aliachiwa watoto, hukaa katika shamba kwa haki ya maisha yake. Hawezi kuliuza peke yake bila ridhaa ya watoto waliokwisha kuwa watu wazima na idhini ya mahakama.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama yeye ndiye mwenyewe, maana atakujibu ndiyo na huenda anaamini hivyo. Uliza majina. Mzee alikuwa na wake wangapi? Dada zenu wameolewa wapi? Je, kulikuwa na nyumba ya iweto? Msomaji wa pwani huenda hajapata kulisikia neno hili. Katika mila ya Kikamba, mwanamke asiyejaaliwa mtoto wa kiume huweza kumtolea mahari mwanamke mwingine ili azae watoto watakaohesabiwa kuwa wa nyumba yake, na wanawe huyo iweto huweza kudai urithi kama watoto wengine. Dini yetu haina jambo hilo, lakini mnunuzi halazimiki kulikubali ili limguse. Tena tembea shambani uyatazame makaburi. Sisi huzika katika makaburi ya Waislamu mjini. Wao huzika nyumbani. Kaburi lililo shambani linakwambia watu wanaoihesabu ardhi ile kuwa yao, na pengine hawatakubali kamwe kuona wakihamishwa.

Kuna na ardhi ambayo haijapata hati kabisa. Katika maeneo mengi ya kaunti hizi mbili kazi ya serikali ya kuhakiki na kupima mashamba haijakamilika, na muuzaji atakuonyesha karatasi yenye nambari tu. Nambari hiyo inaweza kupingwa na jirani, rufaa zikasikizwa, na mpaka ukasogea. Mwingine atakuonyesha cheti cha hisa cha ranchi au cha kampuni ya kununulia ardhi, na hisa si kipande cha ardhi mpaka ranchi igawanywe na kila mwanachama apewe hati yake. Katika mashamba ya makazi ya serikali, kama yale ya upande wa Kibwezi, ploti huwa na deni la mfuko wa makazi, na umiliki hauhami mpaka deni lilipwe na itolewe barua ya kuachiliwa. Rai yetu ni kwamba mwenye fedha za kununua mara moja tu katika maisha yake aiepuke ardhi ya namna hii, hata ikiwa nusu ya bei. Tajiri ana nafasi ya kungoja miaka kumi. Mjane hana.

Hati ikiwapo na jina likiwa la muuzaji aliye hai, nenda mwenyewe au mtume wakili wako (wakili wako, si wa muuzaji) katika ofisi ya ardhi ya Kitui au ya Wote akafanye upekuzi rasmi. Upekuzi utaonyesha mmiliki, rehani ya benki, na zuio lolote lililowekwa. Usiishie hapo. Omba historia ya shamba tangu usajili wa kwanza, nani alimpa nani. Watu wa Mombasa tuna sababu ya kulijua hili kuliko wengine. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, juu ya kiwanja cha ufukweni Nyali. Mnunuzi alikuwa na hati mkononi. Mahakama ikasema hati peke yake haimlindi ikiwa ardhi ilitolewa tangu mwanzo kinyume cha sheria, kwani palikuwa pametengwa pawe njia ya umma ya kwenda pwani. Kandokando ya barabara kuu ya Mombasa, kuanzia Mtito Andei hadi Sultan Hamud, kuna viwanja vinavyoingia katika hifadhi ya barabara na ya reli, na mpimaji aliyesajiliwa ndiye atakayekwambia jiwe la mpaka liko wapi hasa.

Shamba la kilimo lina mlango mmoja zaidi, nao ni bodi ya ardhi inayokaa chini ya naibu kamishna wa kaunti. Ombi la idhini lapasa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano kutiwa saini. Bila ya idhini mauziano hubatilika, na unalobaki nalo ni haki ya kudai fedha zako kama deni. Mke au mume wa muuzaji naye atoe ridhaa yake kwa maandishi; ikiwa muuzaji ana wake wawili, tunashauri wote wawili waonwe uso kwa uso. Malipo ya awali kwa desturi ni asilimia 10, yanayowekwa kwa wakili mpaka kila kitu kitimie. Bajeti yako izingatie ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani mashambani na asilimia 4 mijini, ambao huulipa mnunuzi.

Na maji. Mtu wa pwani huchimba kisima akangoja. Ukambani visima vingi virefu hutoa maji ya chumvi, na mito mingi ni mchanga mtupu kwa miezi, watu wakifukua ndani yake kupata ndoo moja. Mvua za kutegemewa huko ni za Oktoba hadi Disemba, kuliko zile za Machi. Kalitazame shamba mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, uulize jirani anateka wapi na kwa shilingi ngapi mtungi. Walio karibu na Tsavo waulize pia habari za ndovu.

Tuseme machache na wauzaji, kwa kuwa zipo familia za Kiislamu za Kibwezi, Makindu na Kitui mjini zinazouza ili kuhamia pwani. Kamilisheni mirathi kwanza, kila mrithi ajue fungu lake, ndipo muite mnunuzi. Katika madhehebu yetu ya Shafi mshirika ana haki ya shufaa, yaani mrithi mwenzako ambaye fungu lake halijatengwa na lako anatangulia kununua kabla ya mtu wa nje. Mkimpita bila kumuuliza mtamkuta mbele ya kadhi. Kodi ya faida ya mauzo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, nayo humwangukia muuzaji, lakini shamba la kilimo la mtu binafsi lisilofika ekari 50 na lililo nje ya mji limesamehewa, vilevile nyumba ambayo mwenyewe ameikaa miaka 3 mfululizo kabla ya kuiuza. Wapo waliolipa wasichodaiwa kwa kutokuuliza.

Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanaotuma fedha wanunuliwe shamba wakumbuke kwamba katiba inampa asiye raia wa Kenya haki ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Mwenye uraia wa nchi mbili hazuiliwi. Aliyeupoteza uraia wa Kenya na aurejeshe kwanza, asimwandikishe shemeji kwa jina lake akidhani udugu watosha.

Mama wa Kisauni hakulipa nusu ya pili. Wakili tuliyempeleka kwake aliandika barua kwa muuzaji, naye, kwa kheri yake, hakukasirika. Alisema hakuna aliyemwambia. Wamekubaliana kwamba familia ifungue kesi ya mirathi, na kwamba mama arejeshewe fedha zake ikiwa warithi wote hawataafikiana. Muuzaji ana dada watatu. Wawili wamekwisha kutoa ridhaa. Wa tatu yuko Mwingi, ameolewa huko miaka mingi, na hakujua kwamba shamba la baba yake liliuzwa. Mama amepanga kwenda kumwona yeye mwenyewe, pamoja na binti yake, wiki ijayo inshallah.