Kwa nini ndoa za ukoo wa Margaret Douglas ziliitikisa Uingereza?

Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alipofariki dunia mwaka 1603 bila kuacha mtoto, taji lake lilimwendea Mfalme James wa Sita wa Uskoti. Falme mbili zilizopigana kwa karne nyingi zikawa chini ya mfalme mmoja. James alikuwa na haki hiyo kwa upande wa mama na wa baba pia. Upande wa baba ulitokana na bibi yake, Margaret Douglas.

Binti wa mpakani

Margaret alizaliwa mwaka 1515 katika ngome ya Harbottle, kaskazini mwa Uingereza, mama yake alipokuwa ameikimbia Uskoti. Mama huyo, Margaret Tudor, alikuwa dada wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Mumewe wa kwanza, Mfalme James wa Nne wa Uskoti, aliuawa katika vita vya Flodden mwaka 1513. Mwaka uliofuata aliolewa na Archibald Douglas, kabaila wa Angus. Katika ndoa ya kwanza alizaliwa James wa Tano, baba wa Malkia Mary wa Uskoti. Katika ya pili alizaliwa Margaret.

Mahali pa kuzaliwa palikuwa na uzito. Wapinzani wa Mary walidai kwamba mzaliwa wa nchi ya kigeni hawezi kurithi Uingereza. Margaret hakuwa na kikwazo hicho.

Posa zilizogeuka kesi

Ndiyo maana kila posa katika ukoo huo ilikuwa suala la dola. Mwaka 1536, Margaret alipochumbiwa kwa siri na Thomas Howard, Henry wa Nane aliwafunga wote wawili katika Mnara wa London. Bunge nalo likatunga sheria iliyohesabu kuwa ni uhaini kuoa au kuolewa na jamaa wa karibu wa mfalme bila idhini yake. Howard alifia kifungoni mwaka 1537.

Mwaka 1544 Margaret aliolewa, safari hii kwa baraka za Henry, na Matthew Stewart wa Lennox, kabaila wa Uskoti mwenye damu ya kifalme. Mwana wao Henry, maarufu kwa jina la Darnley, alimwoa Malkia Mary mwaka 1565. Wote wawili walikuwa wajukuu wa Margaret Tudor, na ndoa yao iliunganisha madai mawili ya urithi. Elizabeth alighadhibika, akamfunga Margaret. Darnley aliuawa mwaka 1567, miezi minane baada ya kuzaliwa mwanawe James.

Mwaka 1574 mwana mwingine, Charles, alimwoa Elizabeth Cavendish bila ridhaa ya malkia, na Margaret akarudishwa kifungoni. Hata binti wa ndoa hiyo, Arbella, hakusalimika: aliolewa kwa siri mwaka 1610, akafungwa na binamu yake James, na kufia katika Mnara wa London mwaka 1615.

Taji juu ya kaburi

Margaret alifariki mwaka 1578, miaka 25 kabla ya mjukuu wake kuirithi Uingereza. Kaburi lake limo katika kanisa la Westminster Abbey, likiwa na sanamu za watoto wake waliopiga magoti. Juu ya kichwa cha Darnley pamewekwa taji. Mfalme wa sasa wa Uingereza, Charles wa Tatu, ni wa uzao wa James, na kwa hiyo ni wa uzao wa Margaret.