Kabati la maabara hulinda hewa inapovuma tu

MAKOHOZI ya mgonjwa wa Endagikot, mkoani Manyara, yanaweza kupimwa kifua kikuu kwa darubini juu ya meza ya kawaida, mradi chumba kipitishe hewa vizuri. Ndivyo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilivyoelekeza mwaka 2012.

Hali hubadilika pale vimelea vinapooteshwa ili kubaini usugu wa dawa. Tatizo hilo si geni: tiba ya kifua kikuu sugu ilianza nchini mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong’oto, Kilimanjaro. Vimelea vilivyooteshwa huwa vingi mno, na kuvitikisa hurusha matone yasiyoonekana, ambayo mtaalamu huweza kuyavuta.

Ndipo linapohitajika kabati la usalama wa kibaolojia. Lile la daraja la pili huvuta hewa kupitia uwazi wa mbele kwa kasi ya takriban nusu mita kwa sekunde. Chujio lake hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, na hewa safi hushuka juu ya sampuli.

Pazia hilo la hewa ni dhaifu. Feni, mlango unaofunguliwa kwa kishindo, hata daftari lililoziba matundu ya mbele, huweza kulivuruga. Umeme ukikatika, kinga hukoma papo hapo, ingawa kabati huonekana vilevile.

Hatari zaidi ni kulichanganya na meza ya hewa safi, inayofanana nalo. Meza hiyo hulinda sampuli pekee. Hewa yake humpulizia mtumiaji usoni, pamoja na vimelea vyote.