Ndugu wa Barnstaple

Barnstaple ni mji wa soko kaskazini mwa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, pale Mto Taw unapokaribia bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 palikuwa na kanisa dogo la Wabaptisti lililoitwa Ebenezer. Washirika wake walishika kanuni kali: hakuna aliyekaribishwa kwenye Meza ya Bwana ila aliyekwisha kubatizwa kwa kuzamishwa majini baada ya kuamini. Wachungaji walikuja na kuondoka upesi. Aprili 1832 akafika mwingine, Robert Cleaver Chapman, mwenye umri wa miaka 29. Alizaliwa Helsingør, Denmark, katika familia ya wafanyabiashara wa Kiingereza, na alikuwa ameacha kazi ya uwakili jijini London ili awe mhubiri.

Chapman alikuja kwa sharti moja tu: awe huru kufundisha lolote atakaloliona katika Biblia. Wazee walikubali, pengine bila kutambua sharti hilo lingewafikisha wapi. Yeye mwenyewe aliamini ubatizo wa watu wazima, lakini hakuona sababu ya kumnyima mkate muumini ambaye hajabatizwa. Hata hivyo hakuitisha kura wala kutoa amri. Aliendelea kufundisha na kusubiri, na polepole wengi wakakubaliana naye.

Wakati huohuo kundi jipya lilikuwa likienea Uingereza na Ireland. Lilianzia Dublin mwishoni mwa miaka ya 1820, kwa Wakristo wachache waliokutana majumbani kuumega mkate bila kasisi aliyewekwa wakfu na bila kuulizana kila mmoja ni wa dhehebu gani. Plymouth, bandari ya Devon hiyohiyo, ndiko lilikopata mkusanyiko mkubwa, na ndiyo maana watu wa nje waliwaita Ndugu wa Plymouth. Wenyewe walipendelea kuitana Ndugu tu. Anthony Norris Groves, daktari wa meno wa Exeter aliyeacha kazi yake akaenda Baghdad mwaka 1829, alikuwa mmoja wa waanzilishi. Shemeji yake, George Müller, alihudumu Teignmouth kabla ya kuhamia Bristol mwaka 1832. Ebenezer haikujiunga na Ndugu kwa azimio lolote. Ilifanana nao hatua kwa hatua, hadi tofauti ikatoweka.

Si wote waliofurahi. Wachache waliojitenga walidai jengo lirudi kwao, kwa hoja kwamba lilijengwa kwa ajili ya Wabaptisti wenye msimamo wa zamani. Chapman alikuwa mwanasheria, na angeweza kupambana mahakamani. Badala yake yeye na wenzake waliwaachia jengo lote, wakatoka. Walipopata kiwanja kingine, inasimuliwa kwamba Kanisa la Anglikana nalo lilikihitaji, wakakiachia pia. Mwishowe walijenga katika mtaa wa Grosvenor mnamo 1842. Mtu wa biashara angesema walipata hasara mara mbili, lakini katika mji mdogo ambako kila mtu anajua habari za mwenzake, kuepuka kesi kuliwajengea heshima ambayo hakuna hukumu ingewapa.

Heshima hiyo ilitokana pia na nyumba moja ya kawaida katika mtaa wa New Buildings, eneo la watu wa kipato cha chini. Hapo Chapman, ambaye hakuoa maisha yake yote, alipokea wageni bila kuwauliza watakaa siku ngapi. Hakuwa na mshahara. Aliishi kwa kile watu walichomletea kwa hiari. Kila mgeni aliombwa aache viatu vyake nje ya mlango wa chumba usiku, na asubuhi alivikuta vimepigwa rangi na mwenye nyumba mwenyewe. Aliyejaribu kukataa alijibiwa kwamba siku hizi watu hawaoshani tena miguu, na kupiga viatu rangi ndiyo kazi iliyo karibu zaidi na hiyo.

Mwaka 1848 Ndugu waligawanyika. John Nelson Darby, mmoja wa viongozi wao, alikuwa amejitenga na wenzake wa Plymouth kwa sababu ya mafundisho ya Benjamin Newton, mwalimu wa huko, kisha akakata ushirika na kanisa la Bethesda, Bristol, kwa kuwapokea baadhi ya watu waliotoka kwa Newton. Chapman alimlaumu Darby kwa haraka yake. Darby akajibu kwamba alisubiri miezi sita. Chapman akamwambia kuwa Barnstaple wangesubiri miaka sita. Kanisa lake likabaki upande wa Ndugu walioitwa wa wazi, walioacha kila kanisa liamue mambo yake lenyewe.

Kundi hilo dogo lilitazama mbali. Mwaka 1836 wanaume wawili wa Barnstaple, William Bowden na George Beer, walisafiri pamoja na wake zao na Groves kwenda India, wakaanza kazi katika delta ya Mto Godavari. Chapman mwenyewe alikwenda Hispania mara kadhaa, wakati kuhubiri nje ya Kanisa Katoliki kulikuwa hatari huko. Utaratibu ulikuwa uleule: mtu alitumwa na kanisa lake, bila makao makuu wala mshahara. Kwa njia hiyohiyo Mskoti Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, Katanga, mwaka 1886, kwenye baraza la Mfalme Msiri, ambaye asili yake ilikuwa magharibi mwa Tanzania ya leo. Makanisa yanayojulikana kwa jina la Garenganze katika eneo hilo la Kongo yanatokana na kazi hiyo.

Chapman alifariki Barnstaple Juni 1902, akiwa na umri wa miaka 99, baada ya kuwatumikia watu wa mji huo kwa miaka 70. Hakuacha dhehebu lenye jina lake, na waumini wa Grosvenor waliendelea kukutana bila kumtafuta mtu wa kukalia kiti chake, kwa kuwa kwa utaratibu wa Ndugu hakikuwepo.